Sikio la Pili

Boke mwanangu,

Hujambo sikuulizi, kwa sababu nimekuona saa moja iliyopita ukitoka na viatu vyangu vya kanisani kwenda kuwaaga rafiki zako, na ulikuwa mzima kabisa. Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, ingawa lina kufuli, kwa kuwa hajawahi kuamini kufuli hata moja. Mimi nimekaa jikoni na daftari lako la Kemia, zile kurasa za nyuma ulizoziacha wazi. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukiingia utasimama nyuma yangu usome, na mimi nitaacha kuandika.

Mambo ya sabuni, ya kufua soksi, ya kutoazima watu simu, umeyasikia wiki nzima. Mimi mwenyewe nimechoka kujisikia nikiyasema. Hayamo humu.

Kilichomo ni kwamba nimekukasirikia. Naanza na hilo ili usilikute katikati ukashtuka. Unajua nilivyopata habari kwamba utakaa kwa mama yako mdogo Akoth huko Homa Bay? Nilimpigia nyanya yako wa Oyugis kuuliza mguu wake unaendeleaje. Akaniambia mguu ni uleule, halafu akasema, "Sasa Boke akienda kwa Akoth, nani atakuwa ananiletea dawa likizo?" Akadhani simu imekatika, akaanza kuita halo, halo.

Miezi mitano mlikuwa mnaongea, wewe na Akoth. Chumba kimeshapakwa rangi, na rangi umechagua wewe. Mimi wakati huo nilikuwa nambembeleza yule mama wa kanisani mwenye ndugu karibu na chuo chako, nampelekea ndizi, nacheka vichekesho vyake visivyochekesha, ili akupe kona ya kulala. Uliniona nikifunga zile ndizi. Hata ulinishikia mfuko.

Nilipokuuliza, ulinijibu umesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mum, hiyo ni story ya kitambo. Ilikuwa dhahabu tu. Na Anti alishasema pole." Halafu ukaongeza, "Ama ni wivu?" Baba yako akakwambia uombe msamaha, ukaomba, lakini bado ulikuwa umenuna na mimi nilikuwa nimenuna zaidi yako. Nilikwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Sasa najibu. Watu wa pande zote mbili, ndugu za baba yako kule Ntimaru na ndugu zangu wa Oyugis, wanajua kitu kimoja tu: kwamba Anyango na mdogo wake walikosana kwa ajili ya dhahabu. Nimewaacha waamini hivyo miaka tisa. Wameniita mwenye roho ngumu, wameniombea mbele yangu nikiwa nimefumba macho. Wewe sitakuacha uamini hivyo, kwa sababu kesho utalala katika nyumba yake. Sikuzuii kwenda. Nilitaka kukuzuia, nisikufiche, na baba yako akasema nikikuzuia bila sababu utaenda tu na hutarudi. Basi sababu ndiyo hii. Ukishaisoma utaamua mwenyewe utaingia kwake ukiwa nani.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Akoth alikuwa ameachana na mumewe akaja kukaa nasi hapa Masara, akalala kitandani mwako, akakusuka nywele kila Jumapili. Ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi, na hilo halikuniuma, maana mimi pia nilimpenda hivyo. Baba yako alikuwa kwenye kinu cha kusaga mawe kama sasa. Wanawake wengi hapa huosha mchanga kwenye karai kutafuta dhahabu. Sisi wawili tukasema tunataka mashine ya kutambua madini ardhini.

Unaikumbuka mashine ile. Fimbo ndefu, chini yake sahani ya duara, juu kisanduku cha betri na hedifoni ya masikio yote mawili. Tuliikodi kwa mfanyabiashara wa Migori mjini. Spika yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo aliyevaa hedifoni ndiye tu aliyesikia kitu. Kumbuka hilo, ni la maana mbele.

Aliyetufundisha alikuwa mzee mfupi kutoka upande wa Tanzania, tulimwita Fundi, mwenye kofia ya sufi hata juani. Siku ya kwanza alituvua vitu kabla hajatufundisha lolote. Mikanda, pete, simu, pini za nywele za Akoth. Akatuambia jembe likae hatua nne mbali, maana tutakuja kulia kwa furaha tumelipata jembe letu wenyewe.

Kisha akatufundisha kuthibitisha. Kusikia ni rahisi, hata wewe ungesikia. Ardhi ya hapa inalia kila mahali: vifuniko vya soda, waya, risasi za wawindaji, mawe mekundu yenye chuma ndani. Anayechimba kila kinacholia atafika jioni na vifuniko vya soda mfuko mzima na mgongo wa mzee. Kwa hiyo sauti ikija, hukimbilii jembe. Kwanza unasimama palepale, unarudisha sahani taratibu, chini kabisa bila kugusa udongo. Kama haikurudi, ilikuwa kelele tu, endelea. Ikirudi, unazunguka robo, unapitisha kwa kukata ile njia ya kwanza, kama unachora msalaba. Msumari ukiupitia kwa urefu wake unadanganya vizuri sana, unalia mtamu, lakini ukiupitia kwa upana sauti inakatikakatika. Kitu cha kweli kinalia vilevile kutoka kila upande.

Halafu unainua. Unainua sahani polepole hadi kifundo cha mguu, hadi katikati ya muundi. Jiwe lenye chuma linanyamaza mara moja ukiinua sahani. Kitu kizito kilicho chini kinapungua kidogokidogo, kinakufuata juu. Ukisharidhika, unaparua udongo wa juu kwa mguu, unasikiliza tena. Sauti ikizidi nguvu, uko karibu. Ikipotea, iko kwenye ule udongo uliouparua, usiende chini kuitafuta. Na ukishachimba unalipima shimo, unalipima fungu la udongo, unaligawa fungu mara mbili, nusu inayolia unaigawa tena, mpaka kilicholia kimebaki kiganjani.

Siku moja, Akoth na mimi tulipoteza asubuhi nzima kwenye sauti nzuri ajabu, kumbe tulikuwa juu ya mafiga ya zamani. Udongo uliochomwa na moto miaka mingi nao unalia. Tulichimba jiko la watu. Akoth akakaa ndani ya shimo, akapiga hodi, akauliza chakula kiko tayari ama arudi baadaye. Nilicheka hadi nikakaa chini nikashika tumbo. Nakwambia haya ili usidhani nilikuwa nafanya kazi na adui. Nilikuwa na mdogo wangu, na hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata baada ya kumzika ndugu yako.

Fundi alikuwa na sharti moja kubwa. Alilisema siku ya mwisho, akalirudia akiwa ameshapanda pikipiki. "Anayeshika mashine asihukumu peke yake. Avue, ampe mwenzake asikie. Na asimwambie yeye kasikia nini. Mkisema wote wawili takataka, basi ni takataka." Sisi tuliliita sikio la pili. Mwezi wa kwanza tulilishika vizuri. Baadaye, kwa kuwa Akoth alikuwa na sikio zuri na mimi nilikuwa na mikono ya jembe, nikaanza kusema, "Wewe ukisema msumari, mimi ni nani nibishe." Ananyoosha hedifoni, mimi napunga mkono. Tulijiona tumekuwa wepesi wa kazi. Hakuna aliyenilazimisha, Boke. Kosa hilo ni langu na nimelibeba peke yangu bila kumwambia mtu.

Sasa nikwambie siku yenyewe.

Ilikuwa shambani kwa Mama Peres, yule mjane wa kule bondeni. Kipande kimoja cha shamba lake kilikuwa gunda, yaani boma la zamani la baba mkwe wake. Wazee walikufa, watoto wakajenga kwingine, nyumba zikaanguka, na miaka mingi baadaye pakalimwa mtama. Watu wa mashine huyakwepa magunda kwa sababu yamejaa misumari ya mabati, na kwa sababu nyingine ambayo Mluo yeyote angekwambia: mahali watu walipoishi ndipo walipozikwa. Mama Peres alitukubalia, akatuonyesha makaburi ya wazee yako upande gani, tukakaa mbali nayo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo laini. Akoth mbele na mashine, mimi nyuma na jembe begani.

Akasimama. Nikamwona akirudisha sahani. Akazunguka robo, akakata msalaba. Akainua hadi kifundo, hadi muundi, hadi karibu na goti, na bado akawa anasikiliza. Nilimwona akifanya kila kitu tulichofundishwa, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu. Ndiyo maana sijawahi kujidanganya kwamba alikosea.

Akavua hedifoni polepole. Akaniangalia.

"Mama Boke," akasema, "hapa tusichimbe."

"Kwani kuna nini?"

"Ni misumari. Iko sita. Imejipanga tu, hivi na hivi." Akachora na kidole hewani umbo la kisanduku kidogo, urefu wa mkono wangu. "Nyamera, dada yangu, hii ni kaburi ya mtoto."

Wewe ulikuwa mdogo ndugu yako Mwita alipokufa, sijui unakumbuka nini. Alikuwa na miezi minne. Homa ya siku mbili tu. Baba yako alitengeneza sanduku kwa mbao zilizobaki kwenye mlango wetu, hapohapo uani anapofunga kamba sasa hivi, kwa sababu hakutaka mtu mwingine alitengeneze. Alipiga misumari sita. Mimi nilikuwa ndani nimeziba masikio na bado nilihesabu. Aliyekuwa anamshikia mbao ni Akoth. Kwa hiyo hiyo sita hakuiokota njiani. Aliitoa kwangu.

Halafu, na hili ndilo limenikosesha usingizi kuliko yote, alininyooshea hedifoni. "Sikia mwenyewe kama huniamini." Alinyoosha mkono kabisa, hedifoni ikawa hapa, mbele ya kifua changu. Kama ningeivaa ningesikia sauti moja, nzito, ya duara, inayolia sawa kutoka kila upande. Nusu dakika tu. Misumari sita haiwezi kulia hivyo hata kwa kiziwi. Lakini mimi niliwahi kuisikia misumari sita na sikutaka kuisikia tena. Nikasema, "Siwezi." Naye alijua nitasema hivyo. Nimefikiria sana, mwanangu, kama ningeichukua angefanya nini.

Nikapiga magoti pale. Nikausawazisha udongo kwa viganja. Nikaenda mtoni kuokota mawe meupe ya kuzungushia, ili plau ya ng'ombe isipite juu ya mtoto wa watu. Akoth alikuja nami kuokota. Alichagua yale mazuri, akayapangusa kwa leso yake. Kwa hiyo alama ya kumrudisha Akoth pale niliiweka mimi kwa mikono yangu, naye akinisaidia kunyoosha mstari. Tulipomaliza nililia, akanishika mgongo, akalia pia. Sijui alilia nini.

Siku tisa baadaye alituambia amepata kazi Homa Bay. Ulimlilia hadi ukakataa kula, na mimi nilimpa shuka langu jipya.

Mimi nikabaki na yule mtoto wa gunda. Kila nikilala namwona. Nikasema nikijua jina lake nitalipeleka kanisani litajwe pamoja na la Mwita, labda wote wawili watanipa nafasi nipumue. Nikaenda kwa Mama Peres na kilo ya sukari. Nikamwuliza kwa adabu yule mtoto aliyezikwa gundani aliitwa nani.

"Mtoto gani?" akasema. "Hapa hakuna mtoto tumezika. Wangu wote wako, na wengine wananisumbua mpaka leo."

Nikamwambia pale penye mawe meupe. Uso wake ukang'aa.

"Aa, pale dada yako alichimba! Huyo dada yako ni mtu wa Mungu, walai. Alikuja asubuhi moja, akaomba ruhusa, akapata, na akaniletea fungu yangu mpaka hapa mlangoni. Wengine wangetoroka nayo. Si mnagawana na yeye?"

Nikasema ndiyo, tunagawana. Nilikunywa chai yake hadi mwisho. Kisha nikapita gundani. Shimo lilikuwa limechimbwa kwa ustadi, pande zake zimenyooka, udongo umegawanywa mafungu mawili, kisha la pili likagawanywa tena. Mawe yangu yalikuwa yamewekwa kando yote pamoja, kwa heshima kabisa. Kwa Mama Peres, ambaye hakuwa hata ndugu yake, Akoth alikuwa mwaminifu. Hilo nalo limenichoma. Kumbe uaminifu alikuwa nao.

Mengine ya wazi umeyasikia. Habari zikavuja, nyanya yako akatuita Oyugis, tukakaa sebuleni mbele ya wajomba. Akoth akakiri. Akapiga magoti hasa, akasema, "Nilishikwa na tamaa. Nilichimba peke yangu, nikakaa kimya. Anyango anisamehe." Akatoa bahasha yenye sehemu yangu, akaiweka mezani. Kila mtu akageuka kunitazama mimi.

Nami nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja aendelee. Nilimtazama usoni nikasema moyoni, sasa sema lingine. Sema uliniambia nini. Akafuta machozi, akasimama, akakaa. Alikuwa amemaliza. Aliomba msamaha wa dhahabu, akauacha ule mwingine chini kana kwamba hapakuwa na kitu. Nikaisukuma bahasha irudi kwake, nikachukua mkoba wangu nikatoka, na kuanzia siku hiyo mimi ndiye mbaya.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Nilidhani nikilisema mbele ya wajomba watalijadili. Mmoja angesema, "Lakini hapakuwa na mtoto, si ndiyo? Basi shida iko wapi?" Nilikuwa nasikia sauti ya mjomba wako Ouma ikiyasema maneno hayo kabla hajafungua mdomo. Sikutaka jina la Mwita liingie kwenye kikao cha kugawa vitu. Na tena, niseme ukweli wote, nilitaka Akoth alitamke mwenyewe. Nilijipa kazi ya kungoja. Ungefikiri ni kazi ya mwezi mmoja. Hata baba yako sikumwambia mpaka juzi, baada ya wewe na mimi kukosana mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kukaa nje. Asubuhi alisema tu, "Mbao nilimpa mimi azishike."

Kungoja kumeniharibu kidogo, na kumekuharibia wewe pia. Unakumbuka lile gauni la zambarau, ulipokuwa darasa la saba? Akoth alilituma kwa mkono wa nyanya. Ulilivaa mara moja, nikalifua, nikakwambia limeibiwa kwenye kamba. Halikuibiwa. Nilimpa mtoto wa jirani wa mbali, nikamwonya mama yake asimvalishe karibu nasi. Ulitafuta wiki nzima, ukawashuku watoto wa watu, na ulimpiga mmoja. Nilikudanganya usoni nikakuona unaniamini, na nikaendelea kukoroga uji. Kwa hiyo unapoficha simu zako miezi mitano, najua ulikojifunza kuficha. Hilo halipunguzi hasira yangu, lakini nimeona nisikudai ukweli huku wangu umefichwa.

Mashine bado naikodi, unajua. Watu hunicheka kwa sababu naenda peke yangu, nashika fimbo na jembe vyote. Nasikiliza, navua, nakunywa maji, navaa tena nasikiliza kana kwamba mimi ni mtu mwingine. Si sikio la pili la kweli, najidanganya tu. Kitu kikubwa kuliko punje ya mtama sijapata. Lakini hakuna mtu anayeniambia chini kuna nini.

Sasa kuhusu kesho. Nakwambia nilichokiona mimi, na mimi ni upande mmoja. Umenisikia kwa njia niliyotembea mimi. Nenda ukakate msalaba. Ukae kwake, ule chakula chake, umwite Mama Mdogo kwa adabu, maana hajakukosea wewe lolote na mapenzi yake kwako nayaamini. Sikutumi ukamchukie. Kama ningetaka mtu wa kumchukia ningejitosha mwenyewe, nina uzoefu. Ninachoogopa ni kimoja, nakitaja bila kuzunguka: naogopa utakaa pale mwaka, miaka miwili, na polepole utakuwa wake. Utakuwa unarudi hapa kunitembelea kama mgonjwa mwenye roho ngumu, ukiniongelesha kwa sauti ya kubembeleza. Alinichukulia mtoto mmoja akamfanya uongo. Wa pili siwezi, Boke. Sina nguvu hiyo.

Nasikia baba yako anasalimiana na mtu langoni. Nadhani ni wewe. Nafupisha.

Kuna jambo Akoth halijui hadi leo. Anadhani nilijua habari za lile shimo kwa umbea wa sokoni, kama kila mtu. Anadhani bado naamini kuna mtoto amelala mahali fulani katika gunda lile, na kwamba yeye alichimba pembeni tu. Miaka tisa amekaa akidhani ule uongo haujawahi kufunguliwa. Pengine ndiyo maana hakuusema.

Atakungoja kituoni, namjua, atakuwa amefika saa nzima mapema na atataka kukubebea sanduku. Mpe alibebe. Fika nyumbani, kula, oga. Siku yoyote utakayochagua wewe, si lazima iwe ya kwanza, akikuuliza mama hajambo, mwambie sijambo. Kisha mwambie hivi, na usiongeze neno, umtazame tu usoni mpaka amalize kusikia: mama alirudi kwa Mama Peres kuuliza jina la yule mtoto, ili amwombee.

Mimi mama yako,
Anyango